Utomvu wa Mpira na Chembe ya Damu

Mtoto aliyezaliwa karibu na msitu hahitaji fedha ili apate mpira wa kuchezea. Hutafuta ule mmea wa mpira unaotambaa juu ya miti mikubwa, huutia kisu, hukinga utomvu wake mweupe kama maziwa, huuacha ugande, kisha huukunja uzi juu ya uzi mpaka apate tufe linaloruka likipigwa chini. Baba zetu walifanya hivyo, na babu zao kadhalika. Lakini ukimwuliza mtoto yule, au hata mwalimu wake, kwa sababu gani maziwa yaliyotiririka asubuhi kama maji yanaruka na kuvutika jioni, pengine hapana atakayejibu. Sisi wenyewe shuleni tulijifunza majina ya nchi zinazouza mpira na ya bandari unakopakiwa. Kwa nini mpira huvutika na kurudi, hilo hatukujifunza.

Tarehe 9 Desemba 1991, katika mji wa Stockholm, nchi ya Sweden, mtu mmoja mrefu, Mfaransa, alisimama mbele ya wataalamu ili kutoa hotuba kwa ajili ya zawadi ya Nobel ya elimu ya fizika. Jina lake Pierre-Gilles de Gennes. Kwa desturi hotuba ya namna hiyo hujaa hesabu ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzifuata. Yeye alizungumza juu ya viatu: viatu vya wenyeji wa bonde la mto Amazon, ambao tangu zamani walijipaka miguuni utomvu wa mti wa mpira, wakangoja kidogo, wakawa wamevaa buti.

Tufuate maelezo yake, kwa kuwa si magumu. Ndani ya utomvu mna minyororo mirefu mno na myembamba mno, ambayo kila mmoja umefanyizwa kwa maelfu ya atomi za kaboni zilizoshikana moja baada ya nyingine. Minyororo hiyo haikufungana. Kila mmoja huteleza kando ya mwenzake, kama kamba nyingi zilizotupwa ovyo ndani ya kikapu kimoja. Ndiyo sababu utomvu hutiririka. Basi hewa inapougusa, oksijeni iliyo hewani hufunga fundo hapa na fundo pale, kati ya mnyororo na mnyororo. Sasa zile kamba zimekuwa wavu. Ukiuvuta wavu huo hunyooka, kwa sababu minyororo ilikuwa imejikunjakunja. Ukiuacha hurudi, kwa sababu mafundo hayaruhusu kamba zikimbie. Huo ndio mpira.

Lakini buti za wale wenyeji hazikukaa. Baada ya siku moja zilipasuka na kuanguka vipande vipande. Sababu ni kwamba oksijeni iliyofunga mafundo haikukoma kufanya kazi: baadaye ilianza kuikata minyororo yenyewe. Mwamerika Charles Goodyear ndiye aliyepata dawa mwaka 1839, alipopika utomvu pamoja na kiberiti, namaanisha yale madini ya manjano, wala si njiti za kuwashia moto. Kiberiti nacho hufunga mafundo, lakini hakina nguvu za kuikata minyororo kama oksijeni. Mpira uliopikwa hivyo hudumu miaka. Goodyear hakutajirika kwa kazi yake. Alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mengi.

Sasa msomaji aangalie vizuri hesabu hii, kwa maana juu yake de Gennes alijenga elimu yake. Katika mpira uliopikwa, ni atomi moja tu ya kaboni katika kila 200 iliyoshikwa na kiberiti. Zile 199 nyingine hazikuguswa. Fikiri kijiji chenye watu 200, na mtu mmoja tu akafanya undugu na mtu wa kijiji cha jirani, na kila kijiji kikafanya vivyo hivyo. Halafu, kwa undugu huo mchache, nchi nzima ikawa kitu kimoja, hata ukivuta upande huu, upande ule nao huja. Tendo dogo, na badiliko kubwa kupita kiasi: maji yamekuwa ngozi.

Vitu vya namna hiyo, vinavyobadilika sana kwa kuguswa kidogo, de Gennes alivikusanya chini ya jina moja. Wafaransa walisema matière molle. Sisi tutasema vitu vyororo. Ni mpira, sabuni, povu, gundi, rangi, wino, maziwa, ute wa yai, na nyama ya mwili wenyewe. Waamerika walipendelea jina lingine lililomaanisha majimaji yenye kutatanisha, naye alilichukia kwa kuwa, alisema, linawafukuza wanafunzi kabla hawajaanza.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa maana haifai kuandika neno mpira katika gazeti la Kongo na kupita kana kwamba ni neno kama maneno mengine. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza gurudumu la baiskeli lenye mpira uliojaa hewa, na mara Ulaya na Amerika zikaanza kuona kiu ya mpira. Wakati ule nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 mpaka 1908. Kila kijiji kiliandikiwa uzito wa mpira wa kuleta. Wanaume waliingia msituni siku nyingi. Wengine walijipaka utomvu kifuani na mikononi ili ugande, kisha wakaubandua pamoja na malaika ya ngozi. Wake zao walizuiliwa mpaka uzito ulipotimia. Watu walipigwa risasi, mikono ikakatwa. Konsuli Mwingereza Roger Casement alipita huko mwaka 1903, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1904. Katika wamisionari, yafaa tukiri, Waprotestanti walisema mapema na kwa sauti kubwa kuliko wengi wa upande wetu. Hata hivyo Padri Arthur Vermeersch, Mjezuiti Mbelgiji, aliandika kitabu mwaka 1906 kuyalaumu mambo hayo wazi.

Twayakumbusha kwa sababu moja. Watu wetu walikufa kwa ajili ya utomvu, na ni nani aliyewafundisha watoto wao utomvu ni nini? Waliujua uzito wake mgongoni. Elimu yake ilikaa mahali pengine, na magurudumu pia. Kwa hiyo mtu mwenye elimu kubwa anaposimama na kusema kwamba siri ya mpira yaweza kuelezwa kwa kamba na mafundo, kwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kisangani au wa Bukavu aweza kuyashika, sisi twaona neno hilo latuhusu kuliko linavyowahusu wengine.

De Gennes alizaliwa Paris tarehe 24 Oktoba 1932. Mpaka umri wa miaka 12 hivi hakusoma shuleni, bali alifundishwa nyumbani, na alipokuwa na miaka 13 alikwisha zoea kusoma vitabu kama mtu mzima na kutembelea majumba ya makumbusho. Toka 1951 mpaka 1955 alikuwa mwanafunzi wa École Normale, shule ya juu ambamo Wafaransa huwalea walimu wao bora. Baadaye aliingia katika kazi ya atomi huko Saclay, akachunguza sumaku kwa njia ya zile chembe ziitwazo nyutroni, akapata udaktari wake mwaka 1957. Mwaka 1959 alikuwa Berkeley, Marekani. Kisha alitumika miezi 27 katika jeshi la majini la Ufaransa, na mwaka 1961 akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Orsay.

Mtu mwingine angekaa hapo maisha yote. Kule Orsay alikusanya vijana, wakachunguza metali ambazo, katika baridi kali, hupitisha umeme pasipo kizuizi chochote. Kazi ilikwenda vema, jina lake likajulikana. Hata hivyo mwaka 1968 aliiacha akaanza jambo jingine kabisa. Baada ya miaka michache akafanya hivyo tena, na tena. Wapo waliomlaumu kwa tabia hiyo, nasi twaelewa: mkulima anayehama shamba kila mara hula nini? Lakini yeye hakuhama mikono mitupu. Hesabu aliyoipata katika sumaku aliichukua akaijaribu katika majimaji. Aliyoipata katika majimaji aliijaribu katika mpira. Na kwa ajili ya jambo hilohilo alipewa zawadi ya Nobel: kwa sababu alionyesha kwamba njia za kueleza utaratibu katika vitu sahili zaweza kueleza pia vitu vya kutatanisha.

Lile jambo jipya la 1968 lilikuwa kristali majimaji. Zilionwa kwanza mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea huko Prague, alipoyeyusha kitu fulani kilichotokana na karoti, akashangaa kuona kinayeyuka mara mbili: kwenye digrii 145 na nusu kikawa majimaji yenye ukungu, na kwenye digrii 178 na nusu majimaji safi. Katika ule ukungu molekuli ni kama vijiti vidogo vilivyolala upande mmoja, kama samaki waogeleao pamoja katika mkondo. Hutiririka, lakini hutunza utaratibu. Umeme mdogo kabisa watosha kuvigeuza vyote kwa mara moja, na nuru ipitayo kati yao hugeuka pia. Vioo vingi vya saa, vya simu na vya televisheni hufanya kazi kwa njia hiyo. Msomaji mwenye simu ya namna hiyo mfukoni anachukua vijiti vya Reinitzer pasipo kujua. De Gennes aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1974, na wataalamu wangali wakikitumia.

Mwaka 1971 aliitwa kuwa mwalimu katika Collège de France, na mwaka uleule alitoa wazo ambalo sisi twalipenda kupita yote, kwa kuwa alilichukua kwa nyoka. Swali lilikuwa hili: katika mpira au plastiki iliyoyeyuka, minyororo imesongamana kama nyasi za porini, je, mnyororo mmoja wawezaje kusafiri? Hauwezi kwenda kando, maana kila upande wazuiwa na wenzake. De Gennes alisema: huenda kama nyoka apitavyo katika nyasi ndefu, kichwa kikitangulia na mwili wote ukifuata njia ileile ya kichwa. Kisha akafanya hesabu. Ikiwa nyoka ni mrefu mara mbili, muda wa kutoka katika njia yake utakuwa mara 8. Ndiyo sababu plastiki ya minyororo mirefu ni nzito sana kumiminika.

Wataalamu walipopima walipata kwamba urefu mara mbili hudai muda unaozidi kidogo mara 10. Hesabu ya nyoka ilikuwa karibu, lakini haikuwa sawasawa. Wengine walikuja baadaye wakaeleza tofauti: ncha za mnyororo huingia na kutoka zenyewe, mfano wa kobe na shingo yake, na jambo hilo hubadili muda. Wanafunzi wetu yafaa waliangalie hilo. Mara nyingi sisi walimu huandika ubaoni jibu lililokwisha safishwa, hata mtoto akadhani kwamba wakubwa hawakukosea kamwe. Mtu huyu alitoa jibu lililo karibu, akaliacha mbele ya watu lipimwe.

Toka 1976 mpaka 2002 aliongoza Shule ya Fizika na Kemia ya Paris. Ndiyo shule ambayo Pierre na Marie Curie, wakifanya kazi katika banda lililovuja mvua, waligundua radiumu mwaka 1898. Alipenda wanafunzi waende viwandani na kuona jinsi gundi inavyopikwa na jinsi rangi inavyoshika ukuta. Yeye mwenyewe alichunguza kwa nini tone la maji hutanda juu ya kioo safi, lakini juu ya jani la ndizi hukusanyika kama lulu. Jani la ndizi tumelitia sisi, lakini jambo ni lilelile.

Baada ya zawadi ya Nobel, mtu mwenye cheo kama chake angeweza kupumzika au kuzungukwa na wakubwa. De Gennes alikwenda shuleni. Kwa muda wa mwaka na zaidi alitembelea shule za sekondari zipatazo 200 nchini Ufaransa, akizungumza na vijana juu ya mpira, wino na mapovu ya sabuni. Mazungumzo hayo yalitiwa katika kitabu mwaka 1994, pamoja na rafiki yake Jacques Badoz.

Juu ya wino alieleza hivi. Masizi ya taa ukiyatia katika maji huelea kidogo, kisha chembe zake hushikana na kuzama chini; hufai kuandika nayo. Wamisri wa kale walitia ndani yake gundi ya mti wa mgunga, kidogo tu, na masizi yakakaa yakielea muda mrefu. Minyororo ya ile gundi hujishikiza juu ya kila chembe ya masizi na kuchomoza kama nywele, hata chembe mbili zisiweze kukaribiana. Tena tendo dogo, na bila tendo hilo maandiko mangapi ya kale yasingekuwapo!

Alipenda pia kisa cha Benjamin Franklin, aliyemimina kijiko kidogo cha mafuta juu ya ziwa dogo la Clapham, karibu na London, katika siku ya upepo. Mafuta yalitanda mpaka yakafunika kadiri ya meta mraba 2,000, na mawimbi yakatulia kama kioo. Franklin aliandika habari hiyo mwaka 1774. Ninyi wanafunzi wa sekondari, chukueni kalamu: kijiko kidogo ni sentimeta 5 za ujazo, zigawanyeni juu ya meta mraba 2,000. Mtapata unene wa milimeta mbili na nusu zilizogawanywa mara milioni moja. Huo ni karibu urefu wa molekuli moja ya mafuta. Franklin mwenyewe hakuifanya hesabu hiyo. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla mtu hajapima ukubwa wa molekuli kwa njia ya mafuta juu ya maji. Kijiko, mafuta na ziwa vilikuwapo siku zote.

De Gennes aliwalaumu wakubwa wa elimu wa nchi yake kwamba huwachagua vijana kwa hesabu tupu, huku wakidharau kazi ya macho na ya mikono. Sisi wa Kongo, ambao mara nyingi maabara yetu ni picha iliyochorwa ubaoni, twaweza kusema kwamba Wafaransa wana bahati kulaumiwa hivyo. Lakini jambo moja aliloonyesha halihitaji fedha. Utomvu tunao. Masizi tunayo. Mafuta ya mawese na beseni la maji yamo katika kila jiko.

Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 70, alibadili shamba mara ya mwisho. Aliingia Institut Curie, nyumba ya kuchunguza kansa huko Paris, akauliza juu ya seli, yaani vile vyumba vidogo sana ambavyo mwili wote umejengwa navyo. Waganga wengi walikwisha chunguza seli hula nini na hutoa nini. Yeye aliuliza kama fundi: je, ni ngumu au ni nyororo? Hushikanaje na jirani yake? Huachanaje? Maana seli ya kansa inayoachana na jirani zake na kusafiri ndiyo iletayo mauti. Pamoja na mwenzake Françoise Brochard-Wyart alifanya hesabu ya mshikamano huo mwaka 2002: ngozi ya seli ni utando mwororo kama mafuta, na zile molekuli za kushikia huteleza juu yake, zikakusanyika mahali seli mbili zinapogusana, kama watu wanaokimbilia mlango mgeni anapobisha hodi. Alikufa tarehe 18 Mei 2007, kazi hiyo ikiwa mikononi mwa wenzake na wanafunzi wake.

Lakini kwa familia za kwetu seli iliyo karibu zaidi ni chembe nyekundu ya damu. Upana wake ni karibu elfu nane za milimeta, na mishipa midogo kupita yote ni myembamba kuliko hivyo. Yapitaje basi? Hujikunja, hujirefusha, hupenya, na upande wa pili hurudi katika umbo lake. Hufanya hivyo siku 120 hivi, kisha huchoka. Chembe ya damu ni kitu chororo, na uzima wetu umo katika wororo huo.

Kuna watoto ambao chembe zao hukataa kujikunja. Ugonjwa wao watu wa kwetu huuita kwa herufi mbili tu, SS. Mzazi aliyewahi kumshika mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yake yakiwa ya manjano, hahitaji tumweleze. Si de Gennes aliyegundua siri ya ugonjwa huo, wengine walimtangulia. Mganga James Herrick wa Chicago aliandika mwaka 1910 juu ya chembe zenye umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa limo katika hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake na kuchukua oksijeni. Na Vernon Ingram, miaka ya 1956 na 1957, alipata mahali penyewe: katika mnyororo wenye pete 146, pete ya sita ndiyo iliyobadilishwa. Pete moja! Kwa ajili ya pete hiyo, hemoglobini ikiisha toa oksijeni yake hushikana na wenzake, ikawa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe. Chembe huwa ngumu, hukwama, huziba njia, na mahali palipozibwa huuma kama moto. Badala ya siku 120, chembe hizo huishi siku 10 au 20 tu.

Msomaji ameona kwamba ni jambo lilelile la viatu vya Amazon, lakini limegeuzwa. Kule mafundo machache yaliyageuza maji kuwa mpira, na mtu akapata kiatu. Hapa pete moja hugeuza chembe nyororo kuwa mti mkavu, na mtoto akapata maumivu.

Tena yatupasa kusema wazi, kwa maana katika vijiji na mitaa ya mji bado mama hulaumiwa, bibi huitwa mchawi, na ndoa huvunjika. Ugonjwa huu hautoki kwa mchawi wala kwa dhambi ya mama. Urithi wake hufuata kanuni ambayo Padri Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, aliichapisha mwaka 1866 baada ya kupanda njegere katika bustani ya monasteri yake. Mtu aliyepokea kosa kwa mzazi mmoja tu huitwa AS, naye kwa kawaida ni mzima kabisa. Lakini AS akioana na AS, kila mtoto watakayemzaa ana sehemu moja katika nne ya kuwa SS. Baba huchangia sawa na mama. Katika nchi yetu wenye AS ni wengi sana, kwa kuwa hali hiyo humkinga mtoto na malaria kali, jambo alilolionyesha mganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954.

Kwa hiyo wachumba wapimwe damu mapema, kabla ya mahari na kabla ya tangazo la ndoa kanisani, wakati bado waweza kuzungumza kwa utulivu na padri na mganga. Na walio na mtoto SS wasikate tamaa. Dawa iitwayo hidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika katika miji minne, Kinshasa ukiwa mmojawapo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Yatakiwa uangalizi wa mganga, tena si kila dispensari inayo. Lakini mzazi na aulizie.

Kuna kipimo cha zamani ambacho maabara nyingi za kwetu zakijua, kipimo cha Emmel, cha mwaka 1917. Hakiwezi kumtenga AS na SS. Kwa hilo hutakiwa kipimo cha umeme kama cha Pauling. Lakini ni rahisi. Fundi huchukua tone moja la damu kidoleni, huliweka kati ya vioo viwili, huziba kando zote kwa nta au mafuta mazito ili hewa isiingie, kisha hungoja. Chembe zenyewe huimaliza oksijeni iliyobaki. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake, fundi huinama juu ya mikroskopi yake. Kama damu ni nzuri, ataona visahani vya duara. Kama sivyo, ataona miundu, imelala huku na huku kama baada ya mavuno. Na akifungua kidogo hewa iingie, nyingi zitarudi polepole kuwa duara, ila zile ambazo utando wake umekwisha umia.